Kutoka Tumbawe la Pwani Hadi Gome la Sogoet: Kutafuta Kemikali Zinazoua Bakteria

Mhadhara kwa umma, Kericho





Mada yangu ni sifongo wa baharini na kemikali anazotengeneza za kuua bakteria. Aliyesikia tangazo akauliza sifongo anatafuta nini kwenye mashamba ya chai, ameuliza swali la haki. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ufuo wa karibu uko zaidi ya kilomita 600 kutoka tulipoketi. Hata mito yetu haiijui Bahari ya Hindi: Sondu na Mara yote huishia Ziwa Viktoria.

Hata hivyo nina jambo moja la kuwaambia, na sifongo analionyesha wazi kuliko viumbe wengi. Kupata kitu kinachoua bakteria si kazi ngumu. Sabuni huwaua, siki huwaua, moto huwaua, na magome ya miti mingi ya Msitu wa Mau yakisagwa na kuloweshwa huwaua pia. Ugumu uko katika yale yanayofuata: kumjua hasa anayeitengeneza kemikali hiyo, kuhakikisha haimdhuru mgonjwa, kuipata kwa wingi bila kumaliza bahari wala msitu, na kujua nani ana haki juu yake. Nchi inayokomea hatua ya kwanza itaendelea kuuza magunia ya magome na kununua dawa kwa bei ya mwenzake.

Nitaanza baharini, kisha nitapanda mlima kurudi nyumbani.

Dawa zinazochoka

Bakteria ni viumbe wa seli moja, na baadhi yao wakipata chakula na joto hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Katika uzao mkubwa namna hiyo hawakosekani wachache ambao dawa haiwagusi. Kila mara antibiotiki inapotumika bila sababu, wale dhaifu hufa na wale wachache hubaki kuzaliana bila mshindani. Huo ndio usugu wa dawa.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu. Ukilinganisha na idadi ya watu, mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017. Lakini mpango ni karatasi mpaka ufike dukani, mahali vidonge viwili vya amoksisilini bado vinauzwa kwa mafua yasiyotokana na bakteria hata kidogo. Nao ni karatasi mpaka ufike zizini, mahali ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba huchomwa dawa leo na maziwa yake yakauzwa kesho, ilhali siku za kusubiri zimeandikwa kwenye kifurushi.

Upande wa pili wa tatizo ni kwamba dawa mpya hazizaliwi kwa kasi. Sehemu kubwa ya aina za antibiotiki tunazotumia ziligunduliwa kati ya miaka ya 1940 na 1960, nyingi kutoka kwa bakteria na kuvu wa udongoni. Streptomisini, iliyofungua njia ya kutibu kifua kikuu, ilitoka kwa bakteria wa udongo mwaka 1943. Bahari nayo ilihusika mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1945 daktari Giuseppe Brotzu wa Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, alichukua maji mahali mfereji wa maji taka ulipomwagikia baharini, akapata kuvu anayezuia bakteria wa homa ya matumbo. Kutokana na kuvu huyo zilizaliwa sefalosporini. Seftriaksoni inayochomwa wagonjwa kila siku, kuanzia Kapkatet hadi Longisa, ni ya ukoo huo.

Vijito rahisi vya udongoni vilipochotwa mara nyingi, watafiti wakawa wanakutana na kemikali zilezile za zamani. Ndipo macho yakageukia miamba ya matumbawe.

Mnyama asiyekimbia

Sifongo ni mnyama, ingawa ukimwona amejishikiza mwambani utadhani ni mmea. Hana ubongo, hana moyo, hana tumbo, hana misuli. Ana matundu. Mwaka 1825 Robert Grant wa Edinburgh alimtazama sifongo kwa makini akaona mkondo wa maji ukitoka kwenye tundu lake kubwa bila kukoma. Maji huingia kwa vitundu vidogo visivyohesabika, husukumwa na seli zenye vijimkia, chembe za chakula hunaswa njiani, na maji safi hutoka. Inakadiriwa kwamba sifongo wa kilo 1 anaweza kuchuja hadi lita 24,000 kwa siku. Spishi zaidi ya 9,000 zimekwisha kupewa majina. Ukipiga mbizi pwani yetu, Watamu au Kisite-Mpunguti, utawaona wenye rangi ya chungwa, zambarau, njano na nyeusi, wengine wamejitandaza kama ukoko, wengine wamesimama kama mabomba.

Sasa fikirini hali yake. Kazi yake ya kutwa ni kupitisha mwilini maji yaliyojaa bakteria. Hawezi kumkimbia kasa wala samaki anayekuja kumla. Hana gamba wala meno. Jirani yake, awe tumbawe au mwani, anataka kumfunika na kumnyima nafasi. Kiumbe wa namna hii hana budi kujilinda kwa kemikali, na sifongo ni bingwa wa kemikali. Maelfu ya kampaundi ambazo hazikujulikana nchi kavu zimepatikana kwao.

Majaribio ya kutafuta antibiotiki kwa sifongo si ya juzi. Mwaka 1959 Ross Nigrelli na wenzake, huko Marekani, walitangaza ektionini, ziduo la kuua bakteria kutoka kwa sifongo mwekundu aitwaye Microciona prolifera. Mwaka 1980 de Silva na Scheuer walieleza manoalidi, antibiotiki kutoka kwa sifongo wa visiwa vya Palau katika Pasifiki. Baadaye iligundulika kuwa manoalidi huzuia kimeng'enya kinachochochea uvimbe mwilini, ikafuatiliwa kwa njia hiyo, lakini haikufika dukani.

Hapa niseme ukweli ambao magazeti huuruka. Mpaka leo hakuna antibiotiki hata moja iliyotoka kwa sifongo ambayo imeidhinishwa kumtibu binadamu. Dawa zilizotokana na sifongo zipo, ila ni za maradhi mengine. Mapema katika miaka ya 1950 Werner Bergmann alieleza kemikali za ajabu kutoka kwa sifongo wa pwani ya Florida, zilizofanana na vijenzi vya DNA lakini zikiwa na sukari tofauti. Wazo la kubadilisha sukari ndilo lililozaa sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na inayotumika hadi sasa. Kwa nini basi dawa za saratani zikafaulu na za bakteria zikashindikana? Jibu liko maabara.

Sahani huonyesha mwanzo tu

Wanafunzi mliopo mnaijua kazi hii. Unakata kipande cha sifongo, au gome, au jani. Unakilowesha kwenye methanoli ili kemikali zitoke, unachuja, unakausha. Ziduo linalobaki unaliweka kwenye kijiduara cha karatasi, unakiweka juu ya sahani ya agari iliyopakwa bakteria, unaiacha usiku kucha kwenye joto la mwili. Asubuhi, ukiona duara wazi kukizunguka kijikaratasi, bakteria hawakuota pale. Unapima upana wake kwa rula, unaandika, na moyo unadunda.

Duara hilo linakwambia kitu kimoja pekee: ndani ya ziduo kuna kitu kilichozuia bakteria huyo, kwa kiasi hicho, kwenye sahani hiyo. Maswali yote mazito bado.

La kwanza ni kiasi. Ziduo linaloua likiwa zito sana halina maana kwa mgonjwa, kwa sababu damu haiwezi kubeba uzito huo. Ndiyo sababu watafiti makini hupima kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota, na hawaridhiki na upana wa duara.

La pili ni aina ya bakteria. Wale wa kundi la Staphylococcus, wanaosababisha majipu na vidonda vya usaha, ukuta wao unapenyeka kwa urahisi kiasi. Kina E. coli, Klebsiella na Pseudomonas wana utando wa ziada kwa nje unaozuia kemikali nyingi kuingia, na wana pampu za kuzitoa zile zilizopenya. Hao ndio wanaotisha zaidi hospitalini, na hao ndio maziduo mengi huwashindwa.

La tatu ni upya. Ziduo lina mamia ya kemikali. Lazima zitenganishwe hatua kwa hatua kwa kromatografia, kila sehemu ijaribiwe upya kwa bakteria, mpaka ibaki kampaundi moja. Kisha umbo lake lisomwe kwa mashine za NMR na za kupima uzito wa molekuli. Mara nyingi baada ya jasho hilo lote inagundulika kuwa kampaundi hiyo iliandikwa na mtu mwingine zamani.

La nne ni sumu. Sifongo hakutengeneza kemikali yake kwa ajili yetu. Aliitengeneza imdhuru adui, na adui wengi wa sifongo ni wanyama wenye seli kama zetu. Hapa ndipo penye jibu la swali la saratani. Kemikali inayosimamisha kugawanyika kwa seli ya mnyama inaweza kuelekezwa kwa uvimbe wa saratani, na daktari akakubali madhara kiasi kwa sababu hatari ya ugonjwa ni kubwa. Mtoto mwenye nimonia hawezi kutibiwa kwa masharti hayo. Antibiotiki nzuri ni ile inayomuua bakteria na kuiacha seli ya binadamu salama.

La tano ni nani hasa anayeitengeneza. Katika spishi fulani za sifongo, karibu asilimia 40 ya ujazo wa mwili ni bakteria wanaoishi ndani yake kwa amani. Mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Jörn Piel wa Zurich lilionyesha kwamba kemikali nyingi za sifongo Theonella swinhoei hutengenezwa na bakteria wapangaji walioitwa Entotheonella. Ugunduzi huo uligeuza mwelekeo wa kazi. Badala ya kukwangua sifongo kwa magunia, watafiti wengi sasa huchukua kipande kidogo, hujaribu kuwaotesha bakteria wake maabara, au husoma jeni zao na kuzihamishia kwa bakteria wanaofugika. Kazi hiyo inahitaji watu wenye ujuzi zaidi kuliko inavyohitaji mashua, na inaweza kufanyika hata mahali ambapo hakuna bahari.

Tani nzima kwa chembe ya unga

Tuseme maswali yote matano yamejibiwa vizuri. Bado kuna la ugavi.

Mwaka 1986 Wajapani Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura walieleza halikondrini B, kemikali yenye nguvu kubwa dhidi ya seli za saratani, kutoka kwa sifongo Halichondria okadai. Walianza na kilo 600 za sifongo. Walipata miligramu 12.5. Baadaye huko New Zealand tani 1 ya sifongo wa aina nyingine ilivunwa ikatoa kama miligramu 300, kiasi kisichotosha hata kijiko cha chai. Ingevunwa bahari nzima na wagonjwa wasingetosheka.

Kilichookoa kazi hiyo ni kemia. Mwaka 1992 Yoshito Kishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walifaulu kuijenga halikondrini B maabara tangu mwanzo bila sifongo. Kampuni ya Eisai ya Japani ikagundua kuwa nusu ya molekuli hiyo inatosha kufanya kazi, ikaitengeneza peke yake. Ndiyo eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Toka kilo 600 za sifongo mpaka mgonjwa wa kwanza mwenye cheti cha daktari ni miaka 24.

Afrika Mashariki ina jaribio lake la ugavi, dogo lakini la kuigwa. Kijijini Jambiani, Unguja, shirika la marinecultures.org limewafundisha wanawake, baadhi yao waliokuwa wakulima wa mwani, kufuga sifongo wa kuogea. Sifongo mmoja hukatwa vipande, vipande hutungwa kwenye kamba majini, na kila kimoja hukua kuwa mzima. Wakulima wa chai mtaelewa mara moja: ni kama kipandikizi cha kloni mnachokitoa kitaluni, ambacho hubeba sifa zote za mama yake bila kungoja mbegu. Sifongo wa Jambiani ni wa bafuni, si wa dawa. Lakini njia hiyohiyo inaweza kumpa mtafiti malighafi bila kuukwangua mwamba.

Molekuli moja, bahari na msitu

Sasa tupande mlima.

Mnaufahamu mti wa sogoet. Wamaasai huuita osokonoi, Wakikuyu muthiga, na wataalamu wa mimea Warburgia ugandensis. Gome lake huwasha ulimi kama pilipili. Wazee wetu wamelitafuna kwa kikohozi, kwa meno na kwa tumbo tangu kabla ya hospitali yoyote kujengwa hapa.

Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE jijini Nairobi, kituo cha kuchunguza wadudu. Wakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi, waliofanya kazi na kituo hicho, walitaka kujua kwa nini viwavijeshi, wale wanaofyeka mahindi usiku mmoja, hawaligusi jani lililopakwa ziduo la miti ya jamii ya sogoet. Mwaka 1976 walitangaza kemikali zinazohusika, mojawapo wakaipa jina la mti wenyewe: waburganali. Pamoja nayo kuna ndugu yake, poligodiali. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa kemikali hizi huzuia kuvu kwa nguvu na baadhi ya bakteria kwa kiasi.

Poligodiali hiyohiyo ya gome la sogoet ilipatikana mapema katika miaka ya 1980 kwenye ngozi ya konokono wa baharini asiye na gamba, Dendrodoris limbata, katika Bahari ya Mediterania. Konokono huyo huitengeneza mwenyewe, na samaki akimwonja humtema. Jamaa zake wengine hula sifongo na kujipaka sumu ya sifongo huyo kama silaha. Mti wa nyanda za juu za Afrika na konokono wa Ulaya hawajawahi kuonana, lakini wote wawili hawana mbio wala gamba, na wote wakafika kwenye molekuli moja. Anayeielewa kemia ya sifongo ameanza kuielewa kemia ya msitu wetu.

Na vikwazo ni vilevile. Poligodiali ina vichwa viwili vya aldehaidi vinavyong'ang'ania protini yoyote iliyo karibu. Ndiyo maana inawasha ulimi, ndiyo maana inaua kuvu, na ndiyo maana si rahisi kuimeza kama dawa: haichagui kati ya adui na mwenye nyumba. Sogoet ina karibu nusu karne tangu kemikali zake ziandikwe, na bado haijatoa antibiotiki. Mwenye kuwauzia unga wake sokoni akisema unatibu maradhi 40, mwulizeni amepima wapi.

Kikwazo cha ugavi nacho kimeshafika mlangoni kwetu. Mti wa tenduet, Prunus africana, gome lake lilisafirishwa Ulaya kwa miaka mingi kutengeneza dawa za tezi dume. Miti ilichunwa mpaka ikakauka imesimama, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Sogoet huchunwa vivyo hivyo. Huko Afrika Kusini, kwa jamaa wa karibu wa sogoet aitwaye Warburgia salutaris, watafiti walionyesha kuwa majani yanaweza kutumika badala ya gome. Mti unaochumwa majani huchipua tena, na hakuna watu duniani wanaoijua kanuni hiyo kuliko nyinyi.

Na chai yenyewe?

Najua swali hili linakuja, kwa hiyo nilijibu kabla halijaulizwa. Ndiyo, chai huua bakteria, kwenye sahani. Mwaka 1906 daktari wa jeshi la Uingereza, Meja McNaught, aliandika kwamba bakteria wa homa ya matumbo walipungua na kutoweka wakiwekwa ndani ya chai kwa saa kadhaa, akapendekeza askari wajaze chai kwenye chupa zao za maji. Leo tunajua wahusika wakuu ni katekini, hasa ile iitwayo EGCG. Maabara za Japani na Uingereza zimeonyesha kuwa katekini zinaweza kumlegeza Staphylococcus sugu kiasi kwamba dawa aliyokuwa akiidharau ikaanza kumwathiri tena.

Sasa rudini kwenye maswali yetu. Kiasi cha katekini kinachoingia kwenye damu baada ya kikombe ni kidogo mno kuliko kinachohitajika kwenye sahani. Chai nyeusi ya viwanda vyetu imeachwa ichachuke, na katekini zake nyingi zimegeuka kuwa kampaundi nyingine. Tena sisi hunywa na maziwa, na protini za maziwa hushikamana na kemikali hizo. Kinywaji ni kizuri, na kinatupa karo. Si antibiotiki.

Lakini hapa Timbilil tuna kituo cha utafiti wa chai ambacho mizizi yake inafika mwaka 1951, ilipoanzishwa taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki. Kituo hicho ndicho kilichotoa mwaka 2011 kloni ya zambarau, TRFK 306, yenye wingi wa anthosianini, kemikali zinazoipa rangi hiyo. Kazi ya kuchagua mmea, kuuzalisha kwa vipandikizi na kupima kemikali zake jani kwa jani ndiyo kazi ambayo mtafuta antibiotiki huihitaji anapofika kwenye ugavi. Ujuzi huo tayari uko Kericho. Uelekezwe pia kwa sogoet na tenduet, kitaluni, kabla msitu haujabaki na visiki.

Mali ni ya nani

Limebaki swali la haki. Mwaka 1949 daktari Mfilipino, Abelardo Aguilar, alituma udongo wa mkoa wake wa Iloilo kwa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani. Ndani yake ilipatikana eritromisini, iliyouzwa dunia nzima kwa miongo. Aguilar alidai fungu lake mpaka alipofariki mwaka 1993. Hakulipata.

Kenya nayo ilijifunza. Maziwa yetu ya magadi, Bogoria na mengine, yalivutia kampuni zilizotafuta vimeng'enya vya viwandani, na malalamiko kuhusu nani alichukua nini yakafuata. Mwaka 2006 serikali ilitunga kanuni za kusimamia upatikanaji wa rasilimali za jenetiki na mgawo wa faida, zikiwa chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mwaka 2007 KWS, shirika la wanyamapori, iliingia ubia na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Itifaki ya Nagoya, mapatano ya kimataifa kuhusu mgawo huo yaliyopitishwa mwaka 2010, ilianza kutumika mwaka 2014. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii kuhusu viumbe na mimea.

Kwa lugha ya kijijini: anayetaka gome, udongo, sifongo au hata bakteria wa nchi hii kwa utafiti anapaswa kuwa na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha NEMA, na kukubaliana kwa maandishi na jamii yenye maarifa hayo kuhusu mgawo. Waogiek wa Mau, ambao mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwatambua kuwa ni watu wa asili wa msitu huo, wana haki hiyo sawa na Wakipsigis wa pembezoni mwake. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuiuliza.

Ninaloomba

Kwa wanafunzi: tunahitaji wakemia na wanabiolojia wa bakteria wanaovumilia miaka 24, si wapimaji wa maduara wanaochapisha makala moja na kuacha. Akipatikana hata mmoja wenu anayesoma jeni za bakteria wa sifongo wa Watamu akiwa maabara ya huku juu, mhadhara huu umelipa.

Kwa serikali za kaunti za Kericho na Bomet: wekeni vitalu vya miti ya dawa kando ya vitalu vya chai, na mnunulie hospitali zenu uwezo wa kuotesha bakteria wa mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa. Antibiotiki tulizo nazo zikitumiwa vizuri ni sawa na kugundua nyingine mpya, na hazihitaji kupiga mbizi.

Kwa wafugaji: maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa yasifike sokoni kabla ya siku zake.

Na kwenu wazee wetu, wenye majina ya miti na matumizi yake: waandikieni wajukuu maarifa hayo kwenye daftari, yakiwa na jina la aliyeyatoa na tarehe. Mgeni akija kuuliza habari za sogoet, mkaribisheni, mpeni chai, kisha mwombeni leseni na kibali kabla ya kumwonyesha mti. Asipokuwa navyo, amalize chai yake aende kuvitafuta.